Boksi mbili za New Scientist za 2010–2019, au nilipie jarida jipya mwaka mzima?

Mwl_Ukungu (mleta mada):
Wakuu habari za jioni. Kuna jamaa anauza boksi mbili za majarida ya New Scientist, 2010 hadi 2019. Anataka laki moja na themanini na hapungui. Hela hiyohiyo naweza kulipia usajili wa mtandaoni, Scientific American au New Scientist yenyewe. Jamaa anasema kuna mteja mwingine anakuja Jumamosi. Nichukue lipi?

Kinyonga_wa_Pwani:
Huyo mteja wa Jumamosi mie namjua, kila muuzaji anaye. Tulia kwanza.

Mama_Maabara:
Mwalimu, hujasema unamnunulia nani. Wewe mwenyewe? Wanao? Shule? Kiingereza chao kikoje? Intaneti ipo? Majarida umeyaona kwa macho au umetumiwa picha? Bila hayo tutakushauri hewani.

FundiTransista:
Yote mawili ni ya maprofesa. Mtafute mtu mwenye Popular Science za zamani. Lile lilianza 1872 na lilikuwa linakufungulia mashine ukaona ndani kuna nini, spring ipo wapi, kaboni inalika upande gani. Mimi nimejifunza ufundi kwa hayo, chuo nilikuja kuongezea cheti tu.

Bwana_Flashi:
Popular Science si lilishakufa?

FundiTransista:
Karatasi waliacha 2021, na 2023 wakaacha hata jarida la mtandaoni, imebaki tovuti. Ndiyo maana nimesema za ZAMANI. Soma kabla ya kujibu.

Mtoto_wa_Kamalondo:
Bandugu, mie niko Lubumbashi, huku tulikomaa na Science & Vie. Hilo ni jarida la Kifaransa la tangu 1913. Lakini mwangalie jina na mwangalie pia wanaoandika. Lilipopata mwenye mali mpya, waandishi wengi wakatoka, na 2021 wakaanzisha lao linaitwa Epsiloon. Jina lilibaki kwenye jalada, mikono ikaenda kwingine. Kwa hiyo mwalimu asilipie jina.

Mwl_Ukungu:
Asanteni. Ni kwa ajili ya klabu ya sayansi ya shule, kidato cha pili hadi cha nne, huku milimani Lushoto. Wazazi wamechanga. Kompyuta ipo moja, inatumia sola. Intaneti ni bando la simu yangu. Kiingereza, kidato cha nne wanajitahidi, kidato cha pili wanasoma picha. Majarida nimetumiwa picha tu.

Mama_Maabara:
Haya sasa. Hayo ndiyo ungeanza nayo. Usajili wa mtandaoni kwa kompyuta moja ya sola na bando lako, umefuta nusu ya swali.

Jicho_la_Mbali:
Mimi ningechukua boksi, na sababu yangu si bei. Jarida la kila wiki linaandika mambo yakiwa bado mabichi. Chukulia Septemba 2011. Watu wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba neutrino, chembe ndogo mno zisizo na chaji, zilizorushwa kutoka maabara ya CERN kule Uswisi hadi Gran Sasso Italia, kilomita 730 hivi, zimefika nanosekunde 60 kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Dunia nzima ikasema Einstein, aliyesema hakuna kinachoupita mwanga, kwisha habari. Mwaka uliofuata ikaonekana kuna waya wa nyuzi za mwanga haukuchomekwa vizuri. Waya!

Machi 2014 tena, BICEP2, darubini iliyo Ncha ya Kusini: tumeona alama za mawimbi ya mvutano ya mwanzo wa ulimwengu. Mapema 2015 ikajulikana kwamba walichokiona kinaelezeka kwa vumbi la galaksi yetu. Halafu Septemba 14 mwaka huohuo LIGO, mitambo miwili kule Marekani, mmoja Hanford na mwingine Livingston, ikanasa mawimbi hayo ya mvutano, mtikisiko wa mashimo meusi mawili yaliyogongana umbali wa miaka ya mwanga bilioni 1.3. Wale hawakukimbilia kamera. Walikagua mpaka Februari 2016 ndipo wakatangaza.

Kitabu cha kiada kinakupa jibu lililokwisha kukauka. Mtoto akisoma matoleo hayo kwa mfululizo anaiona kazi yenyewe, pamoja na aibu zake.

Mama_Maabara:
Kwa mfululizo, sawa. Sasa mfululizo upo? Jarida la kila wiki ni matoleo hamsini kwa mwaka. Miaka kumi ni kama mia tano. Boksi mbili zinabeba mia tano? Kama toleo la 2011 limo na la 2012 halimo, vijana wa mwalimu watamaliza kidato cha nne wakiapa kwamba neutrino inaupita mwanga.

Kinyonga_wa_Pwani:
😂😂 Na wataandika kwenye mtihani.

Kobe_Mwendokasi:
Kabla mtu hajaja kumshauri mwalimu usajili wa karatasi, ngoja niwape kisa. Jina la jarida nalihifadhi.

Nililipia mwaka mzima kwa kadi ya benki, anuani nikaweka sanduku la posta la kazini. Miezi ya mwanzo kimya. Nikaandika, wakanijibu kwa adabu sana kwamba matoleo yametumwa na nivute subira. Siku moja yakaja matatu kwa mpigo, moja halina jalada. Toleo la Krismasi lilinikuta watu wanapalilia mahindi. Mengine yalikuwa yanafika, ila yanaishia mapokezi. Mwaka ule chombo cha New Horizons kilipita Pluto, picha zile nilizisubiri kwelikweli. Ukurasa wake niliukuta umefunika sahani ya vitumbua mezani kwa mhasibu.

Mwaka ukaisha, nikasema basi, yaishe. Benki ikanitumia ujumbe: hela imekatwa. Kumbe ukilipa mara moja wanajiongezea wenyewe mwaka unaofuata, imeandikwa chini kabisa kwa herufi za mchwa. Kufuta, lazima upige simu kwao, saa zao za kazi. Nikaweka vocha. Simu ikapokelewa na muziki. Vocha ikaisha muziki unaendelea. Ilibidi niende benki nibadilishe kadi.

Baadaye nikahamia ya mtandaoni kwingine. Hiyo inafika kwa wakati, sina ubishi. Lakini usajili ulipoisha, na matoleo niliyokwisha kuyalipia yakafungwa. Kwa hiyo miaka yote ile niliyolipa sina cha kumwonyesha mtu, labda nimwombe mhasibu.

FundiTransista:
Mhasibu alikuwa msomaji wako wa kudumu.

Bwana_Flashi:
Mwalimu, usilipe hata shilingi. Kuna programu inaitwa Kiwix: unapakua Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha, ni kama GB 100, inafunguka bila intaneti. Nenda mjini penye mtandao wa uhakika, beba diski ya nje, rudi nayo. Quanta, jarida la sayansi la mtandaoni, nayo ni ya bure, inagharamiwa na Simons Foundation, na makala zao za fizikia zinazidi mengi ya kulipia. Hela ya wazazi nunua betri ya pili ya sola.

Mama_Maabara:
Wanafunzi arobaini, kioo kimoja. Na Quanta ni tamu kwangu na kwako. Kidato cha pili umpe hisabati ya mafundo?

Sista_Zamu:
Hivi kwenye boksi kuna mambo ya afya au ni nyota tu? Maana ukiniuliza kazi kubwa ya muongo ule nitakwambia chanjo ya malaria. Ile inayoitwa RTS,S ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, Bagamoyo na Korogwe zikawemo kwenye majaribio, 2019 watoto wa Malawi, Ghana na Kenya wakaanza kuchanjwa kwa mpango maalumu, WHO ikaipendekeza Oktoba 2021. R21, chanjo nyingine ya malaria, ikafuata 2023, na Bagamoyo na Kilifi zimo tena. Hilo mwanafunzi wa Lushoto anaweza kupanda basi akaenda kuona linapofanyikia.

Jicho_la_Mbali:
Heshima kwako Sista, ila CRISPR ndiyo iliyobadilisha kila kitu. 2012 Doudna na Charpentier wanaonyesha mkasi wa kukata DNA mahali unapopataka, 2020 wanapewa Nobel, Novemba 2023 Uingereza inaidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu. Miaka kumi na moja kutoka maabara hadi kwa mgonjwa.

Sista_Zamu:
Kwa mgonjwa yupi? Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Tena si sindano moja ukaenda nyumbani. Wanachukua seli mama za damu, wanazihariri maabara ili himoglobini ya utotoni irudi kufanya kazi, wanakupiga dawa kali ya kusafisha uboho, ndipo wanakurudishia. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu, na mimi wodini kwangu mzazi anahangaikia haidroksiyurea, dawa ya selimundu, ya mwezi huu. Muongo wako na wangu si mmoja.

Jicho_la_Mbali:
Bei itashuka. Paneli za sola zilianzaje? Leo ziko juu ya mapaa ya vijijini.

Sista_Zamu:
Paneli haihitaji kulazwa wiki kadhaa kwenye chumba maalumu. Ila haya, tutaona.

Kinyonga_wa_Pwani:
Mnasahau jambo: boksi linaishia 2019. Humo chanjo za mRNA za korona hazimo, AlphaFold, programu ya kutabiri maumbo ya protini iliyowashangaza wanabiolojia 2020, haimo, darubini ya angani James Webb iliyorushwa Krismasi ya 2021 haimo. Na la kwetu Kilifi halimo: kaburi la mtoto pango la Panga ya Saidi, la miaka 78,000 iliyopita, mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa kwa ubavu kapinda magoti. Lilitoka kwenye jarida la Nature Mei 2021. Watafiti wakampa jina Mtoto, basi. Hilo ndilo ningewasomea wanafunzi.

Kobe_Mwendokasi:
Halafu 2010 hadi 2019 si muongo. Muongo huanza 2011.

FundiTransista:
Unaanza lini miaka yako ya ishirini, ukifika 21?

Kobe_Mwendokasi:
Hakukuwa na mwaka sifuri.

FundiTransista:
Hapa ni majarida, si kalenda.

Mwl_Ukungu:
Nimempigia muuzaji. Anasema matoleo ni kama mia mbili na hamsini. Ya 2012 yapo machache, mengine yako kwa kaka yake Tanga, atayatafuta. Nimemuuliza la Julai 2012 la kugunduliwa kwa chembe ya bosoni ya Higgs, hajui. Amekubali laki na nusu kama nitachukua leo. Mkuu wa shule anasema afadhali vitu vya kushika mkononi, makamu anataka betri.

Mama_Maabara:
Mwambie akutumie orodha ya tarehe za majalada kabla hujatoa hela. Na hiyo ya kwa kaka usiihesabu.

Bwana_Flashi:
Makamu ana akili.

Mtoto_wa_Kamalondo:
Mwalimu, na utayaweka wapi? Karatasi na ukungu wa milima havipatani.

Mwl_Ukungu:
Kuna chumba juu ya stoo ya mahindi.

Sista_Zamu:
Hapo una panya.

Mwl_Ukungu:
Panya wapo, ila paka wa shule naye yupo.

FundiTransista:
Achana na paka, tengeneza kabati la bati. Nikutumie vipimo? Mlango uwe na upana gani?