Kuna mtu kachovya kidole kwenye chupa ya ndege wangu na bado anatembea kifua mbele hapa Houston

Wakuu, sina hata nguvu ya salamu. Natetemeka. Naandika nimekaa kwenye ngazi za uani, ndoo ya maji ya moto miguuni, brashi mkononi, na hasira niliyo nayo ukiiunganisha kwenye nyaya inawasha Texas nzima mpaka Krismasi.

Jina sitaji. Mnamjua. Yule wa maikrofoni. Harusini yumo, msibani yumo, kipaimara yumo. Yule anayesema "dakika mbili tu ndugu zangu" halafu mtoto aliyeingia ukumbini ananyonya anatoka ana ndevu. Huyo huyo.

Jana nilikuwa na ubatizo wa binti yangu. Nyama uani, wakwe wametoka Dallas, mambo safi. Kwenye kona, chini ya upenu, nimetundika vichupa vyangu vitatu vya maji ya sukari, vya wale ndege wavumaji wenye mdomo kama sindano. Tulio huku tunajua Septemba ndiyo mwezi wao. Wanashuka toka kaskazini, wanapita hapa, wanakula mpaka uzito unakaribia kuwa mara mbili, halafu wanavuka Ghuba ya Mexico. Kilomita kama 800, usiku na mchana, hakuna pa kutua, hakuna mti, hakuna kituo cha mafuta. Ndege wa gramu 3! Sarafu ya senti 5 ya Marekani ina gramu 5. Yale maji ya sukari ndiyo nauli yake.

Basi naingia ndani kuchukua mkaa. Natoka, naona mtu kasimama juu ya kiti CHANGU, kafungua kichupa, kamwaga maji yote kwenye majani, anamimina ASALI. Asali ya Tabora, nzito, nyeusi, toka kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nikamwambia kaka, tafadhali, hapana, asali hawa hawapewi, inachacha upesi, inaota ukungu, na ukungu unaweza kuwaua. Kwa upole kabisa, mbele ya wakwe. Akaniangalia. Akachovya kidole kwenye tundu la kichupa, akalamba, akasema, "Mbona tamu? Ndege gani huyo anayekataa asali ya Tabora?"

Akachovya kidole, wakuu.

Kidole ambacho muda huo huo kilikuwa kinapambana na mbavu za mbuzi. Kina pilipili, kina ndimu, kina mafuta ya kukaangia samaki watatu. Akakizungusha mle ndani kama mtu anayetafuta pete iliyozama kisimani. Na baada ya kulamba AKAKIRUDISHA. Kilichotoka mdomoni kikarudi chupani!

Watu wakacheka. Akapata kichwa, akakamata maikrofoni (ubatizo wa watu ishirini, maikrofoni ya nini?) akatangaza, "Mwenyeji wetu, mwanaume mzima, anawakorogea ndege uji." Baba mkwe alicheka mpaka akashika mti asianguke.

Leo asubuhi nimeshusha vichupa vyote nivioshe. Kuna jike mmoja, kifua cheupe, kila nikirudi shifti ya usiku namkuta ananisubiri. Akaja. Akasimama hewani pale pale kichupa kilipokuwa kinaning'inia. Pale pale, hakuna kitu, hewa tupu. Akasogeza mdomo mbele kidogo, akarudi nyuma, akazunguka upande wa pili, akajaribu tena. Anatafuta tundu ambalo halipo. Nilikaa na brashi yangu nikashindwa hata kusugua.

Kisa kidole.

---

Ngosha wa Dallas: Nimeweka kiti siti ya mbele. Akachovya kidole, halafu?

Mama Pacha: Jamani "anawakorogea ndege uji" 😂😂 Kaka nisamehe, nimemsomea mume wangu hapa kamwaga chai. Yule bwana ana dhambi zake nyingi ila hapo alipatia.

Popo wa Mikocheni: Mkuu, mtoto kabatizwa, mbuzi kaiva, wakwe wamesafiri kuja kukuona, na wewe unachokumbuka ni kidole? Punguza povu.

Mwenye uzi: Ndiyo nakumbuka kidole. Mtu akichovya kidole kwenye chupa ya maziwa ya mwanao, akalamba, akarudisha, utakumbuka nini? Puto za sherehe?

Bibi Karafuu: Kwani huyo si ndiye aliyekuja kwenye arobaini ya marehemu shangazi yetu akauliza kama kuna wi-fi? Namjua sana. Mkono wake nao naujua. Kwenye sinia la pilau anaanzia katikati.

Sindano ya Tucson: Mleta uzi pole sana, uko sahihi na wanaokucheka hawajui kitu. Mimi niko Arizona mwaka wa tisa, kusini huku tuna aina zaidi ya kumi za hawa ndege na ninawalisha. Fanya hivi. Kichupa chenye asali kitenganishe, sugua kwa maji ya moto na siki kidogo, suuza mpaka harufu ya siki iishe. Kwenye vitundu ingiza brashi nyembamba, ukungu mweusi unapenda kujificha humo. Kikombe 1 cha sukari nyeupe kwa vikombe 4 vya maji, basi. Usiweke sukari guru wala ya kahawia, ina madini ya chuma yanayowadhuru. Zile sukari za wagonjwa wa kisukari pia usiweke, zina utamu bila nguvu, ndege anakunywa huku anakufa njaa. Kwa joto la Houston badilisha kila baada ya siku mbili hata kama wamekunywa nusu. Na huyo jike usimlilie sana, anakula pia vijidudu na buibui wadogo kwenye bustani yako. Ukitundika leo, kesho utamwona.

Mwenye uzi: Asante mkuu, wewe ni mtu. Uwiano huo ndio nautumia miaka yote. Nilikuwa nao KABLA YA KIDOLE.

Kaka Sumu: Lakini si mnatakiwa kuweka rangi nyekundu? Dukani nimeona yamejaa maji mekundu kama damu.

Sindano ya Tucson: Achana na rangi, haina faida yoyote kwake. Vile vimaua vyekundu vya plastiki kwenye kichupa vinatosha kumwita. Ukitaka kumfurahisha panda maua mekundu yenye shingo ndefu.

Kaka Sumu: Na nasikia ukimlisha sana anabweteka, anaacha kusafiri, anakufa na baridi. Labda jamaa alikuwa anamwokoa.

Sindano ya Tucson: Anaondoka kwa kuhisi mchana unavyopungua urefu. Kichupa chako hakimshiki shati.

Mtoto wa Nyeri: Huyu ndege sisi Kenya tunamheshimu. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipenda sana kusimulia kisa chake. Msitu unawaka moto, wanyama wote wamesimama wanatazama, ndovu na mkonga wake mrefu pia, na haka kandege kanabeba tone moja la maji kwa mdomo, kanaenda, kanarudi. Wakakauliza utafanya nini na udogo huo. Kakasema nafanya ninaloweza. Kwa hivyo bro usiwaskize, endelea na kazi yako.

Popo wa Mikocheni: Kisa kizuri ila Kenya hakuna ndege huyo. Hayupo Afrika, hayupo Ulaya, hayupo Asia, ni wa Amerika peke yake. Mnachokiona bustanini kwenu ni ndege aitwaye chozi. Chozi anatua kwenye ua ndiyo anyonye, huyu ananyonya huku anaelea.

Mtoto wa Nyeri: Nani amesema yuko Kenya? Nimesema tunamheshimu. Hata mvua tunaiheshimu na haiko.

Popo wa Mikocheni: Chozi wenyewe huku wanakwisha. Walikuwa wanajenga kwenye mlimao wangu, kiota kinaning'inia kama soksi, kila mwaka. Sasa kunguru wanakibomoa hata mayai hayajatagwa. Mleta uzi analia kidole, mimi nimenyang'anywa chapati MKONONI, mchana kweupe, na kunguru wawili, mmoja ananitazama usoni mwingine anapora. Hao ndio wahalifu wa kufunguliwa uzi.

Bibi Karafuu: Kunguru msituguse.

Popo wa Mikocheni: Tuwaguse vipi tena? Si ninyi Zanzibar mliwaleta toka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19, eti wale takataka? Wamevuka bahari, wametufuata.

Bibi Karafuu: Waliwaleta wakoloni, si bibi yangu. Na kwenu wamebaki kwa sababu takataka zenu haziishi.

Mtoto wa Nyeri: Kunguru ni kitu gani? Kujeni Nairobi mpite chini ya ile miti ya uwanja wa Nyayo, yale makorongo makubwa yenye mfuko shingoni. Niliangushiwa mzigo kwa suti, naenda intavyuu. Suti ya kuazima.

Mama Pacha: Mungu wangu. Kazi ulipata?

Mtoto wa Nyeri: Sikufika.

Mwenye uzi: Wakuu naomba turudi kwenye mada. Yule mtu ALIKIRUDISHA KIDOLE. Baada ya kulamba. Na leo saa nane ameniandikia ujumbe, hajaomba radhi, ameuliza kama mbavu zilibaki.

Ngosha wa Dallas: Zilibaki?

Chuma cha Reli: Nimesoma kimya kimya ila sasa nasema. Huyo wa maikrofoni mwaka juzi nilimpa dola 300 za mchango wa harusi ya mdogo wangu azipeleke kwa mhazini. Mhazini mpaka leo anasema hajaona kitu. Nikimwuliza ananiambia "tuko kwenye mchakato". Mdogo wangu ana mtoto wa pili sasa, mchakato unaendelea.

Mama Pacha: 300 tu? Sisi alishika za kusafirisha maiti, tukamfuata mpaka kazini kwake. Njooni tuweke orodha hapa, kila mtu na kiasi chake.

Ngosha wa Dallas: Mimi 150 na spika moja.

Bibi Karafuu: Mimi sinia. La kwangu la shaba.

Chuma cha Reli: Tumwite kikao Jumamosi. Mleta uzi si una ua mkubwa? Tukutane kwako.

Mwenye uzi: Njooni, ila chini ya upenu mtu asisogee. Nimetundika viwili vipya sasa hivi, kile cha kidole nimekitupa. Na msikae kimya, mnisaidie kusema lile la kidole kwanza, ndipo ya pesa.

Chuma cha Reli: Ya pesa kwanza mkuu.

Mama Pacha: Ya pesa.

Kaka Sumu: Samahani naingilia. Hiyo asali ya Tabora, ile nyeusi nzito, kuna anayejua jamaa anaipata wapi? Lita moja anauzaje?

Ngosha wa Dallas: Hata mimi nilitaka kuuliza hilo.

Bibi Karafuu: Dola 40, nusu lita 25. Njoo faragha nikupe namba yake.