Mkanda wa Ayub Kalule: ni wa Uganda au wa Denmark?

Kona Nyekundu
Wakuu, swali moja tu. Tarehe 24 Oktoba 1979, pale Akita, Japani, bondia mzaliwa wa Uganda, Ayub Kalule, alimshinda Mjapani Masashi Kudo kwa pointi baada ya raundi 15, akawa bingwa wa dunia wa WBA (chama cha ngumi cha dunia) uzito wa super welter, ulio chini kidogo ya uzito wa kati. Sisi huku tunajigamba kuwa ni bingwa wetu. Lakini ngumi za kulipwa alizianzia Denmark mwaka 1976, kambi ilikuwa huko, promota, yaani mwandaaji wa mapambano yake, alikuwa Mdenmaki Mogens Palle. Mimi nasema dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch 1974 na ile ya ubingwa wa dunia wa ridhaa kule Havana mwaka huohuo ni za Uganda bila ubishi. Mkanda ni wa waliomlisha.

Nakato_K
Waliomlisha! Kaka, mtu ameondoka Kampala ana dhahabu mbili shingoni, halafu unaniambia Denmark ndiyo iliyomlisha? Wadenmaki walichukua chakula kilichoiva wakapakua. Ule mkono wa kushoto alitoka nao nyumbani.

Mzee Raundi15
Wanangu, mnamsahau Dick Tiger. Alitoka Nigeria akaenda Liverpool mwaka 1955, akahamia New York, akamnyang'anya Mmarekani Gene Fullmer ubingwa wa dunia mwaka 1962. Mwaka uliofuata pambano lao la tatu lilipigwa Ibadan, Nigeria, na Fullmer hakutoka kwenye kiti kwa raundi ya nane. Kumbe inawezekana bondia ahame na mkanda urudi upiganiwe nyumbani. Swali ni je, nani Kampala aliweka fedha mezani Kalule aje atetee kwao?

Jabali la Tanga
Shikamoo mzee. Mimi naongeza tu kwamba hao mabingwa wa kuhama Uganda inao wengi: Kalule, Cornelius Boza-Edwards, John Mugabi, Kassim Ouma. Ila Mugabi tusimhesabu. Mkanda wake alipewa na kifundo cha mguu cha Mfaransa.

Mkono wa Shoto
Jabali, futa hiyo kauli. Mugabi ana medali ya fedha ya Olimpiki ya Moscow 1980. Alifika kwa Marvin Hagler, bingwa wa dunia wa uzito wa kati, mwaka 1986 akiwa na mapambano 25, yote ameshinda, yote kwa KO (kabla ya raundi kwisha). Hakuna aliyesikia kengele ya mwisho mbele yake! Leo unakuja kumtaja kwa kifundo cha mguu.

Jabali la Tanga
Sijasema hajui ngumi. Nasema Julai 1989, Ufaransa, René Jacquot alianguka raundi ya kwanza, mguu ukateguka, pambano likaisha. Mwaka uliofuata Terry Norris akamlaza Mugabi raundi ya kwanza ileile. Sasa huo ndio ubingwa wa kuwasimulia watoto?

Mkono wa Shoto
Ukianguka ulingoni ukashindwa kuendelea, umepoteza. Ndiyo sheria. Hakuna mkanda wenye maandishi "huu ni wa mguu". Na kwa Hagler alipoteza, lakini alikwenda hadi raundi ya 11, wanapigana kifua kwa kifua, watu wazima wanaokumbuka usiku ule wanajua Hagler alitoka pale amechoka kiasi gani. Wewe unayahesabu mapambano kwa jinsi yalivyokwisha tu.

Kona Nyekundu
Jamani, mada ni Kalule. Na tusimpambe kupita kiasi, maana Mmarekani Sugar Ray Leonard alimmaliza vizuri tu kule Montreal.

Nakato_K
Montreal ni Leonard na Roberto Durán, 1980. Kalule ni Houston, Marekani, ndani ya uwanja wa Astrodome, 25 Juni 1981. Na hakumalizwa "vizuri tu". Kalule alikuwa hajapoteza pambano hata moja, ameshinda 36. Aliangushwa mwishoni mwa raundi ya tisa, akainuka, mwamuzi akasimamisha. Saa ikaonyesha dakika 3 na sekunde 6. Raundi ni dakika 3! Kengele ingelia kwa wakati wake, angekuwa kwenye kiti anamwagiwa maji. Kona yake ililalamika, matokeo hayakubadilishwa. Leonard ameshapiga sarakasi yake katikati ya ulingo, nani atarudisha saa?

Jabali la Tanga
Dada, sasa wewe unataka sekunde sita zihesabiwe na mguu wa Jacquot usihesabiwe. Chagua moja.

Nakato_K
Mimi sikusema lolote kuhusu Jacquot, usinibebeshe mzigo wa Mkono wa Shoto. Nasema Kalule alidhulumiwa na hakuwa na serikali nyuma yake ya kupiga kelele. Amin ameanguka 1979, nchi imevurugika, nani angemwandikia WBA barua? Ndiyo maana naumia mtu akisema mkanda si wetu.

Kona Nyekundu
Umenijibia mwenyewe. Kama nchi haikuwa nyuma yake, itadaije mkanda? Na 1985 alichukua ubingwa wa Ulaya uzito wa kati. Wa Ulaya! Huo nao ni wa Uganda?

Mkono wa Shoto
Boza-Edwards alizaliwa Kampala akiitwa Bbosa. Machi 1981 alimchukulia Rafael Limón mkanda wa WBC, chama kingine cha ngumi cha dunia, kule Stockton, California, Waingereza wakaandika bondia wao. Mkiendelea kugawa hivi tutabaki na mabondia walioshindwa tu, walioshinda wote wa wenyewe.

Jabali la Tanga
Walioshinda wanaondoka, ndugu, na wengine wanatoroka. Ouma alikwenda Marekani 1998 na timu ya ngumi ya jeshi akabaki hukohuko. Askari akibaki ugenini tunamwita nani?

Nakato_K
Hapo umekosa adabu. Kassim Ouma alichukuliwa na waasi wa NRA, waliokuja kuwa jeshi la serikali, akiwa mtoto mdogo, akashikishwa bunduki. Hakuandika barua ya kuomba kazi! Alipobaki Marekani, mwenyewe amesema baba yake aliuawa kwa kulipiziwa. Oktoba 2004 akamshinda Verno Phillips, akavaa mkanda wa dunia wa chama cha IBF. Ukimwita mtoro, jeshi lililomteka mtoto utaliita nani? Nijibu hilo kwanza.

Mzee Raundi15
Punguzeni jazba. Bado hamjanijibu la Ibadan. Kalule alitetea mkanda wake mara nne kabla ya Leonard. Hata mara moja Kampala? Uwanja ulikuwepo, watu walikuwepo, mabondia wa kutangulia mapambano walikuwa tele.

Jabali la Tanga
Mzee, nakuheshimu, nitarudi kwako. Nakato, sikumwita mtoro, niliuliza swali. Na Mkono wa Shoto asidhani nimesahau: ule mguu haukupigwa ngumi.

Mkono wa Shoto
Ngumi ya Mugabi wangapi waliikimbia kabla haijafika? Jacquot alikuwa amesukumwa na nani, na upepo? Tafuta video uangalie miguu ya Jacquot inavyorudi nyuma, halafu uje hapa tuongee.