Mapenzi ya kazi kwa wavuvi wa dagaa: jipya liko wapi?

Mwanafunzi_Malimbe: Habari wakuu. Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili: wavuvi na wachuuzi wa dagaa kwenye mialo ya Mwaloni Kirumba na Igombe, Mwanza. Nitumie dodoso la mwanasaikolojia Vallerand, linalopima mtu anavyoipenda kazi yake, mara moja kwa watu 200, nilinganishe na uchovu wa kazi. Msimamizi anasema hakuna jipya. Nifanyeje?

Karabai: Msimamizi yuko sahihi. Mtu yuleyule akijaza mapenzi na uchovu kwa mkao mmoja, uwiano utaupata ila hutajua kipi kimezaa kipi. Aliyechoka naye hupoteza mapenzi.

Ila hapo Mwanza una jaribio la bure. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza; mbalamwezi ikipevuka taa hazivuti, mitumbwi inapumzika. Vallerand na wenzake (2003) walitenganisha mapenzi yanayokaa vizuri na maisha mengine na yale yanayomtawala mtu. Tofauti hujitokeza hasa mtu anapozuiwa kufanya kazi, na mwezi hauangalii tabia ya mvuvi. Pima giza, mbalamwezi, kisha giza linalofuata. Siku za mapumziko uliza usingizi, na kama mawazo bado yako ziwani. Andika pia nani ameenda kwenye kibarua, maana huyo hajapumzika. Chukua namba mbili za simu kwa kila mtu. Wavuvi huhama visiwa, utawapoteza.

Nyavu_na_Takwimu: Kabla ya hayo, shughulikia deni. Kwenye dodoso kuna sentensi za aina ya "nashindwa kuizuia hamu ya kazi hii". Mvuvi anayedaiwa na tajiri wa mtumbwi atajipa 6 au 7 kati ya 7, na hapo umepima dhiki ukaiita mapenzi. Uliza nani anamiliki mtumbwi, injini na taa, na deni likoje. Kisha uone kama dodoso linafanya kazi sawa kwa wadaiwa na wasiodaiwa. Watu 200 ukiwagawa mara mbili ni wachache. Lenga 200 kila kundi. Msomee kwa sauti, na ngazi ya 1 hadi 7 ichore. Anza na watu 10 wakueleze kila sentensi walivyoielewa.

Dada_Ilemela: Ongeza maswali ya msaada wa familia. Li na wenzake (2021), kwa takwimu za wanafunzi wa jamii 59, walikuta mapenzi yanatabiri mafanikio kwa nguvu ndogo zaidi kwenye jamii zinazotanguliza familia na kundi kuliko mtu mmoja mmoja. Hilo halijibu habari ya mwaloni, ila linatosha kukupa dhana ya kupima.

Mwanafunzi_Malimbe: Asanteni sana. Na wachuuzi? Wao mbalamwezi hawasimami.

Karabai: Wanauza akiba iliyokaushwa. Wafanye kundi la kulinganisha, usiwachanganye na wavuvi.