Tupeane uzoefu: laptopu ndogo ya bei nafuu, ya chuo na gemu kidogo

Kijana wa Hosteli: Wakuu, vyuo vinafunguliwa. Nataka mtumba wa ofisini, inchi 12 hadi 14, wa kuandikia kazi, programu ya takwimu ya SPSS, na jioni gemu la GTA V. Tajeni modeli.

Fundi Ubao: Anza na prosesa, Intel kizazi cha 8 kwenda juu. i5-8250U ina koa (viini vya kazi) 4, i5-7200U ina 2 tu, na stika ya i5 zote zinayo. Windows 11 nayo huanzia kizazi cha 8, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Angalia Lenovo ThinkPad T480, Dell Latitude 7490, HP EliteBook 830 G5. Soma namba ya prosesa yenyewe, usiishie kwenye jina la modeli.

Dada wa Mabibo: Naunga mkono. Stika imeliza wengi.

Gemu Jioni: RAM jamani! UHD 620, chipu ya michoro iliyo ndani ya i5-8250U, haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Vijiti viwili vya GB 4 vinaipa njia mbili za data, kimoja cha GB 8 kinaipa moja, na kwenye gemu utaona tofauti. GTA V iweke 1280×720, mipangilio yote chini. ThinkPad X280 siipendekezi, RAM imechomelewa ubaoni. Ukinunua ya GB 8, ndiyo hiyo hadi mahafali.

Msomi Kwanza: X280 haifiki kilo 1.3. Mtu anaenda kusoma au kucheza?

Gemu Jioni: Soma kichwa cha mada, mkuu.

Fundi Ubao: Acheni uzito, kuna balaa kubwa zaidi: mashine ambazo kampuni ya zamani haikuzifuta kwenye Autopilot, mfumo wa Microsoft wa kampuni kusajili na kusimamia mashine zake. Muuzaji anaweka Windows bila intaneti, dukani inawaka safi. Siku ukiirudisha upya ukiwa na Wi-Fi, inakudai baruapepe ya kazi ya kampuni usiyoijua, Ulaya huko. Kufomati hakusaidii, kubadili diski (SSD) hakusaidii, kwa sababu utambulisho wa mashine umekaa kwenye seva za Microsoft. Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka (Lenovo F1, Dell F2, HP F10), ikidai nywila, mrudishie muuzaji. Kisha washa hotspot ya simu yako, irudishe Windows upya palepale dukani, fuata hatua mpaka ikuombe akaunti; ikidai ya kampuni, iache. Nenda asubuhi, inachukua muda. Muuzaji akinuna, ondoka.

Dada wa Mabibo: Kumbe!

Pengwini: Achana na Windows, weka Linux, yameisha.

Gemu Jioni: Na gemu la Valorant atachezea wapi, Linux haliendi? Hata kwenye Windows 11 linadai vipengele vya usalama, TPM 2.0 na Secure Boot, viwe vimewashwa.

Msomi Kwanza: Betri nayo. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, linganisha ujazo wa kiwandani na wa sasa. Wa sasa ukiwa chini ya nusu ya wa kiwandani, toa bei ya betri mpya kwenye bei ya mashine. T480 ina betri mbili, ya nje unaichomoa bila bisibisi.

Kijana wa Hosteli: Na hizi mpya zenye prosesa ya Celeron N4020?

Fundi Ubao: Hapana. Koa 2, na nyingi zina eMMC (hifadhi iliyochomelewa ubaoni) ya GB 64 isiyobadilishika. Windows na masasisho yake vinaijaza.

Pengwini: Kama hahamihami, achukue Dell OptiPlex 3060 Micro, kompyuta ndogo ya mezani. i5-8500T, koa 6, inakaa nyuma ya skrini.

Dada wa Mabibo: Na umeme ukikatika katikati ya ripoti?

Pengwini: Aongeze UPS.

Msomi Kwanza: Na skrini, na kibodi, na maus. Bei nafuu hiyo!