Jirani ananifungulia taarab kila nikitoka kuanika nguo. Ananisema mimi au najishtukia?

Binti_Mafinga: Habarini wakuu. Nimepanga chumba Mwanjelwa, Mbeya, umeme wa LUKU tunachangia wapangaji wote. Tangu niseme mwenye friji aongeze kidogo, salamu za jirani zimepoa na redio imepanda. Nikitoka tu uani, sauti juu: kuna watu hawana haya, kazi kuhesabu vya wenzao. Nikirudi ndani, anapunguza. Mimi nimekulia kwaya. Kwetu mtu akikuchukia anakwambia, au ananuna basi. Haya mafumbo siyawezi. Nimuulize? Nimshitaki kwa mwenye nyumba?

DJ_Kabwe: Nunua spika kubwa kuliko yake 😂

Mama_Uyole: Mdogo wangu, mimi nimeishi Tanga. Huo ni wako, usijidanganye. Ila ukienda kuuliza umekwisha, atakwambia, "Kwani wimbo umetaja jina?" Mpasho raha yake ndiyo hiyo, anayeshtuka ndiye mwenyewe. Hata ukumbini mwanamke husubiri ubeti anaoutaka, ndipo anainuka na noti yake kwenda kumtunza mwimbaji. Njia fupi ipo, lakini atazunguka apite mbele ya mbaya wake, taratibu, mkono juu. Hajatamka neno na ukumbi mzima umeelewa. Sasa yule mbaya wake akiinuka kwa hasira, kajitaja mwenyewe.

Msondo_Damu: Umenirudisha miaka ya tisini, waimbaji wa taarab, Khadija Kopa yuko kundi la TOT, Nasma Khamis yuko kundi la Muungano, wanapashana, na sisi tunalipa kiingilio kusikiliza ugomvi usiotuhusu. Lakini jamani fumbo si la kugombana tu. Mwanamuziki Remmy Ongala alipotaka watu watumie kondomu aliimba soksi. Hakuna aliyedhani anazungumzia viatu, ndiyo maana Radio Tanzania haikuupiga. Dada, kwa mwenye nyumba kesi huna. Akija atasikia wimbo, basi.

Kalulu_Rungwe: Mnamzungusha binti wa watu. Taarab imeanzia kwenye friji. Pigeni hesabu, kila chumba kifunge mita yake ndogo, redio itashuka yenyewe.

Mama_Uyole: Kalulu, wewe hujawahi kupanga na wanawake wa pwani. Mita itafungwa na wimbo utaendelea, utabadilishwa ubeti tu.

Binti_Mafinga: 😂 Asanteni. La mita nitalipeleka kwenye kikao cha wapangaji, nitasema ni la nyumba nzima, nisionekane namlenga yeye. Mama Uyole, naomba kuuliza, shikamoo kwanza. Nyimbo zenyewe nimeanza kuzipenda. Nikicheza je?

Mama_Uyole: Marahaba mwanangu. Hapo umemmaliza! Cheza, tena asubuhi msalimie vizuri umuulize anayeimba ni nani, ukautafute wimbo uwe nao kwenye simu. Ila ukicheza usigeuke kuangalia dirisha lake. Ukiliangalia, umejibu.