Hivi plagini za Neovim lazima zitutese ndipo zifanye kazi?

Wakuu salaam. Leo naomba nifoke.

Nipo Mtwara mjini, msimu wa korosho umepamba moto, na kazi yangu ni viskripti vya kujumlisha kilo na malipo ya wakulima wa AMCOS (chama cha ushirika) moja ya huku. Juzi usiku, kesho yake mnada, natakiwa kurekebisha mstari mmoja tu wa Python. Nafungua Neovim, kihariri ninachoandikia programu, skrini nyekundu tupu: `attempt to index a nil value`. Kisa? Nilisasisha plagini (vijiprogramu vya kukiongezea kihariri uwezo) mchana, na mwandishi wa mojawapo kaamua kubadili jina la chaguo la mipangilio. Maelezo kayaweka GitHub, mimi bando limekata. Nikafungua kwa `nvim --clean`, nikamaliza kazi bila plagini hata moja, nimenuna.

Sasa niambieni, kwa nini plagini ikishawekwa isifanye kazi hapo hapo? Neovim na mzazi wake Vim zina folda ya `plugin/`, na faili lililomo humo husomwa lenyewe kihariri kinapowaka. Anayetaka tofauti anaandika mstari mmoja wa `vim.g` kwenye mipangilio yake, basi. Lakini tangu Neovim 0.5 ya mwaka 2021 iturahisishie kuandika mipangilio yote kwa lugha ya Lua, umeshamiri mtindo wa `require("jina").setup({})`. Mabano matupu! Hubadilishi chochote, unaiamsha tu. Ukisahau, imelala fofofo na hakuna kosa linaloonyeshwa. Ni kama ununue pikipiki halafu muuzaji akwambie waya wa breki ufunge mwenyewe, eti ndio uhuru.

Bado meneja wa plagini, yaani programu ya kuziweka na kuzisasisha. Wangu ana `opts` (chaguo zako), ana `config` (msimbo wa kuiandaa plagini ikishapanda), ana `init` (wa kabla haijapanda), kila kimoja na wakati wake. Ukiandika `config` yako, ile `opts` haifiki kwenye `setup` mpaka uipeleke kwa mkono. Mgeni atajulia wapi? Anakopi mistari mia sita ya mtu wa YouTube. Kuna vijana nawaelekeza hapa Chikongola, ukimuuliza mstari huu wa nini, anajibu, "Kaka, mimi nimeukuta tu."

Na msiniambie haiwezekani. Vim 8 ya 2016 ilishaleta `pack/`: tupa folda ya plagini ndani ya `pack/chochote/start/`, inapanda yenyewe, hata kama umeibeba kwa flashi kutoka kwa mshkaji. Kwa sisi wa bando la kupima, hiyo ndiyo habari. Neovim 0.11 ya Machi 2025 nayo imefanya mpangilio wa seva ya lugha (programu inayokagua msimbo wako unapoandika) uwe faili dogo kwenye `lsp/` na mstari mmoja wa `vim.lsp.enable`. Wenye kihariri wanapunguza, wenye plagini wanaongeza!

Waandishi wa plagini, mkibadili jina la chaguo, la zamani liacheni lifanye kazi kwa muda huku likitoa onyo. `vim.deprecate()` ipo kwa kazi hiyo hiyo, na ni bure. Na hiyo `setup` ibaki kwa anayetaka kubadili kitu.

Mwenye `init.lua` (faili la mipangilio ya Neovim) fupi inayopanda bila intaneti aibandike hapa, nitaijaribu leo leo. Wale wa "hamia VS Code", kihariri kingine, piteni tu, uzi hauwahusu.