Mtoto wa miaka 4 haoni jua likizama, bibi yake anasema karogwa. Nianzie wapi?

Mwalimu_Bara: Habari za jioni wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa msingi, mwaka wa pili huu nipo kijijini mkoani Dodoma. Nimepanga uwanja mmoja na bibi anayelea wajukuu watatu. Wa mwisho ana miaka 4. Mchana anacheza na wenzake vizuri, ila jua likishazama hasogei alipo. Anakaa kando ya kinu kumngoja dada yake aje amshike mkono. Juzi nilimwekea kikombe cha uji mbele yake, akakipapasa mpaka akakimwaga. Nilipomulika tochi nikaona kwenye weupe wa macho yote mawili, upande wa sikio, kidoa kama povu la sabuni.

Chakula chao ni ugali kwa mlenda wa kukausha, asubuhi uji mtupu. Nyama ni sikukuu. Bibi ameshauza majogoo mawili kumlipa mganga. Ananiita mwanangu, sitaki kumvunjia heshima. Nimnunulie mtoto vitamini duka la dawa?

Kipepeo_Dar: Pole mwalimu. Wanangu nawapa vidonge vya mafuta ya samaki, macho safi kabisa. Nunua kopo moja, mpe viwili viwili asubuhi na jioni.

Nesi_Mstaafu: Kipepeo, najua una nia njema, lakini tusimpe mtoto dozi ya kubahatisha. Baadhi ya vidonge hivyo vina vitamini A, nayo ikizidi hurundikana kwenye ini na kumdhuru.

Mwalimu, kutoona jioni pamoja na hilo povu ni dalili za upungufu wa vitamini A. Kesho asubuhi awe zahanati. Mwenye dalili za macho hupewa matone ya vitamini A ya kunywa siku hiyohiyo, siku inayofuata, na tena baada ya wiki mbili. Mkiambiwa msubiri kampeni ya matone ya Juni au Desemba, omba kwa upole mhudumu amulike macho mwenyewe, maana ile ya kila miezi 6 ni kinga, na huyu anahitaji tiba. Kioo cha jicho kikikauka kinaweza kulainika na kutoboka ndani ya siku chache, na hapo hakuna matone yatakayomrudishia macho. Nimewahi kumpokea mtoto aliyecheleweshwa hivyo. Sijamsahau.

Chukueni na kadi ya kliniki. Wazazi wengi chanjo ya miezi 18 ikishapita, kliniki basi, kumbe matone ni mpaka miaka 5. Waulize nyumbani pia kama mtoto aliugua surua au kuharisha sana, maana magonjwa hayo hukomba akiba ya vitamini A mwilini.

Habari za mganga usibishane na bibi. Mwombe tu umsindikize mjukuu wake.

Mama_Mlenda: Mwalimu, huo mlenda wanauanika wapi? Kwetu tulikuwa tunautandaza juu ya mwamba jua kali mpaka unapauka, na vitamini A nyingi inapotelea hapohapo. Mwambie bibi aanike kivulini penye upepo, chini ya ukingo wa paa panatosha. Na asipike kwa maji na magadi peke yake. Vitamini hii inahitaji mafuta ili mwili uipokee, kwa hiyo atwangie karanga humo au atie kijiko cha mafuta ya alizeti. Hili bibi atakuelewa haraka, mlenda wa karanga ni chakula cha kwao.

Mkulima_Gairo: Mkishatoka zahanati mtafute bwana shamba, muulize marando ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani. Mbegu za Kabode na Mataya zinalimwa hapa nchini. Kimoja kidogo cha kuchemsha kinamtosheleza mtoto huyo vitamini A ya siku nzima. Viazi vyetu vyeupe, vitamu kweli, ila kwa hili havisaidii. Panda karibu na pa kuoshea vyombo ili marando yasife kiangazi. Wakati mnangoja viazi, chumeni matembele. Papai na embe bivu visipite bure, na siku mbuzi akichinjwa kijijini, mtoto apate kipande cha ini.

Mwalimu_Bara: Mrejesho wakuu. Tulienda asubuhi ileile, bibi mwenyewe akambeba mgongoni. Kadi inaonyesha matone ya mwisho alipata akiwa na mwaka mmoja na nusu. Amepewa dozi mbili, ya tatu tumeandikiwa tarehe. Jana giza likiingia niliketi kibarazani, nikamwona anavuka uwanja peke yake kumfuata paka mpaka jikoni. Bibi alisimama na mwiko mkononi, hakusema neno.

Nesi, Mungu akulipe. Dada yake wa miaka 6 nimemmulika, sioni kidoa, ila nitampeleka naye. Mkulima, marando nimepata fungu moja, lakini mbuzi hapa wanazurura. Nizungushie nini?

Mkulima_Gairo: Matawi ya miiba, mwalimu, uyasokote mara mbili. Na uache kanjia ka bibi kupita na ndoo.